Kitenzi Kilichokuwa Ukurasa wa Pili

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika shule moja ya upili ya bweni huko Ukambani, mgeni aliyekuja hakuwa na dawa mkobani ila vipande vya chaki, rula ndefu ya mbao na daftari dogo alilolibeba kila aendako. Alikuwa mwalimu wa hisabati kutoka Japani, mwenye mvi na miwani, aliyekwisha kustaafu kwao. Nchi yake imekuwa ikituma watu wa kujitolea ng'ambo tangu mwaka wa 1965, kwanza vijana na baadaye wazee pia. Kabla ya kusafiri alikuwa amejifunza Kiswahili huko Komagane, mkoani Nagano, mji ulio bondeni kati ya safu mbili za milima.

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanafunzi wengi. Upatanisho wake wa kisarufi haukuyumba. Hakupata hata siku moja kusema "kitabu yangu," kosa ambalo wanafunzi wenyewe walilitenda mchana kutwa bila haya. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja lililowachekesha. Kila alipotaka kusimulia, vitenzi vyake vilisimama kimoja kimoja kama askari kwenye gwaride. "Leo niliamka na nilinawa uso na nilikunywa chai na nilikuja shuleni," angesema, na darasa zima lingeangua kicheko. Hakuna aliyeweza kueleza kosa lilikuwa wapi. Kila kitenzi kilikuwa sahihi. Hadithi tu ndiyo iliyokataa kwenda.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili akajitokeza. "Mwalimu, sema hivi: niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikaja shuleni." Mzee akatoa daftari lake, akaandika, akapiga mstari chini ya kila "ka." Tangu siku hiyo akaipenda silabi hiyo kama mtoto apendavyo mwanasesere mpya. Aliipeleka hata kwenye hisabati: "Tulizidisha, tukatoa, tukagawanya, tukapata sifuri." Na wanafunzi wakazielewa hesabu zake kama ngano.

Miaka ikapita. Mzee akarudi kwao. Yule mwanafunzi wa kidato cha pili akaingia chuo kikuu, akasoma Kiswahili, akahitimu, akaendelea na shahada ya uzamili. Wenzake walipokuwa wakijiandikisha kwa Kifaransa na Kijerumani, yeye alijiandikisha kwa masomo ya Kijapani ya jioni jijini Nairobi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ana deni la barua. Alikuwa amemwahidi mwalimu wake kwamba siku moja angemwandikia kwa lugha yake.

Kosa lake la kwanza katika Kijapani lilikuwa kosa lile lile la mwalimu wake, ila limegeuzwa nje ndani. Alitaka kusema kwamba chakula cha mkahawa fulani ni cha bei nafuu tena kitamu. Alikuwa na vivumishi vyote viwili, "yasui" na "oishii," na alijua kwamba "na" ya Kiswahili katika "kitabu na kalamu" ni "to" katika Kijapani: "hon to pen." Basi akavifunga pamoja: "yasui to oishii." Mkufunzi akatabasamu, akatikisa kichwa. "To" huunganisha nomino kwa nomino. Haliunganishi kivumishi kwa kivumishi. Likifuata kivumishi, maana hugeuka, na sentensi ile huelekea kusema kwamba chakula kikiwa cha bei nafuu huwa kitamu. Mwanafunzi alikusudia kukisifu chakula, kumbe ametoa kanuni ya uchumi.

Katika kitabu cha Minna no Nihongo, ambacho kimewapokea wanaoanza Kijapani katika nchi nyingi tangu kilipochapishwa mwaka wa 1998, mwanafunzi hukutana na umbo la "te" katika somo la 14, kisha hulitumia kufunga vivumishi na vishazi katika somo la 16. Huo ndio mlango wenyewe wa lugha hiyo, na wengi hujikwaa kizingitini. Kijapani kina aina mbili za maneno yanayofanya kazi ya kivumishi. Aina ya kwanza huishia kwa "i": ili kuliunganisha neno na lifuatalo, "i" hiyo hudondoshwa na "kute" hushika nafasi yake. "Takai" (ghali) huwa "takakute", "yasui" huwa "yasukute", na "ii" (nzuri), kwa ukaidi wake, huwa "yokute." Aina ya pili haibadiliki mwili, bali hufuatwa na "de": "shizuka" (tulivu) huwa "shizuka de." Mtego ni neno kama "kirei" (safi, maridadi), lililovaa "i" mwishoni na ilhali ni la aina ya pili, husemwa "kirei de," na anayesema "kireikute" hujulikana papo hapo kuwa mgeni.

Vitenzi navyo vina njia zao. "Kaku" (andika) huwa "kaite," "nomu" (nywa) huwa "nonde," "matsu" (ngoja) huwa "matte," "suru" (fanya) huwa "shite." Mwanzoni maumbo haya huonekana kama vurugu, lakini yana historia. Hapo kale ilisemwa "kakite" na "nomite". Ndimi za watu zikayalainisha maneno hayo karne baada ya karne, kama mto ulainishavyo mawe. Yule mwanafunzi aliyakariri ndani ya matatu, akienda na kurudi, midomo ikichezacheza hadi makanga wakamdhania anasali.

Ndipo jioni moja mkufunzi akaandika ubaoni sentensi ya mfano: "Asa okite, kao o aratte, ocha o nonde, gakkō e kimashita." Mwanafunzi akaitafsiri kimyakimya, akashtuka. Asubuhi niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikaja shuleni. Ilikuwa sentensi ya mzee, neno kwa neno, sentensi iliyowachekesha darasani kwa muhula mzima. Kumbe katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, mzee alikuwa na uzi wa kuyatunga mambo hayo pamoja, uzi mmoja wenye silabi moja. Alipofika katika Kiswahili aliutafuta asiuone, akaokota "na" iliyokuwa karibu. Hakukosa akili, alikosa uzi. Na aliyempa uzi huo alikuwa mtoto wa kidato cha pili, asiyejua kwamba alichokuwa akikitoa kilikuwa na thamani.

Tangu jioni hiyo mwanafunzi akaanza kuzilinganisha lugha hizi mbili kwa makini zaidi. Aligundua kwamba "ka" na "te" zinafanana kama mtu na kivuli chake kiooni: kila kitu kipo, ila upande umegeuka. Katika Kiswahili, kitenzi cha kwanza ndicho kinachobeba njeo. "Niliamka" husema wakati uliopita, na vitenzi vyote vya "ka" vinavyofuata huegemea nyuma, vikiazima wakati wao kutoka kwa yule aliyetangulia. Kijapani hutenda kinyume. "Okite," "aratte" na "nonde" havina wakati wowote. Si jana, si leo, si kesho. Huegemea mbele, vikingojea kitenzi cha mwisho kije kuviambia ni vya lini. Ni "kimashita" pekee, iliyokaa mkiani, inayosema kwamba yote yamekwisha kutendeka. Ukiiondoa na kuweka "kimasu," siku nzima hugeuka kuwa mazoea ya kila siku au mpango wa kesho, bila kugusa hata herufi moja ya vitenzi vilivyotangulia. Msikilizaji wa Kiswahili hupewa wakati akiwa mlangoni. Msikilizaji wa Kijapani huupokea anapoaga.

Vivumishi navyo ni hivyo hivyo. Katika Kijapani kivumishi cha aina ya kwanza hubeba njeo mwilini mwake: "oishii" ni kitamu sasa, "oishikatta" ni kilikuwa kitamu. Vikiunganishwa viwili, ni cha mwisho tu kinachobeba mzigo huo: "yasukute oishikatta." Kiswahili hakivipi vivumishi njeo, lakini huvifunga kwa upatanisho: mtu mrefu, mwembamba, mpole. Ile "m" inayorudiwa ndiyo kamba yenyewe, na kila kivumishi humtazama mtu yule yule mmoja.

Jambo jingine lilimpendeza. Lugha zote mbili humwachia msikilizaji kazi ya kutafuta sababu. "Alianguka akavunjika mguu" haisemi kwamba kuanguka ndiko kulikouvunja mguu, lakini hakuna asiyeelewa. Vivyo hivyo "koronde, ashi o orimashita." Uhuru huo, hata hivyo, una mpaka wake. Kijapani hakikubali "te" ya sababu ifuatwe na ombi au amri. Huwezi kusema "atsukute, mado o akete kudasai" ukimtaka mtu afungue dirisha kwa kuwa kuna joto. Hapo sharti sababu itajwe waziwazi kwa "kara": "atsui desu kara." Unaposimulia, waweza kumwachia msikilizaji aelewe mwenyewe. Unapomtaka mtu atende, ni lazima umpe sababu mkononi. Katika sarufi hiyo mna adabu.

Katika mji wa Matsusaka, miaka mingi iliyopita, aliishi tabibu aliyeitwa Motoori Norinaga (1730–1801). Mchana alitibu watu. Usiku alisoma maandishi ya kale ya Kijapani. Mwaka wa 1779 alikamilisha kitabu alichokiita Kotoba no Tama no O, kikachapishwa mwaka wa 1785. Jina hilo lina maana ya uzi wa shanga za maneno. Norinaga alichunguza vile viungo vidogo ambavyo msomaji huvipita bila kuvitazama, akaonyesha jinsi kiungo kilichotokea katikati ya sentensi kinavyolazimisha umbo la mwisho wake. Kwake yeye maneno yalikuwa shanga, na viungo vilikuwa uzi. Shanga zaweza kuwa za thamani kubwa, lakini bila uzi hazivaliki shingoni. Mwanafunzi alipoisoma habari hiyo alimkumbuka nyanya yake huko kijijini, aliyetunga shanga jioni mlangoni pake, na aliyezoea kusema kwamba mnunuzi hutazama rangi, bali fundi hutazama fundo la mwisho.

Kisha barua ikaja.

Mwanafunzi alikuwa ameandika ya kwanza, fupi na yenye makosa, akaituma kwa anwani ya zamani. Jibu halikuandikwa kwa mkono wa mzee. Liliandikwa na binti yake, naye kwa huruma yake alikuwa ameweka herufi ndogo za hiragana juu ya kila kanji ili msomaji asihangaike na matamshi. Kurasa zilikuwa mbili. Kwa msomaji aliyehitaji kamusi kwa kila mstari, ukurasa mmoja ulikuwa kazi ya jioni nzima, na kesho yake alikuwa na semina ya kuwasilisha. Akajiwekea sharti: ukurasa mmoja leo, wa pili kesho.

Binti alianza kwa majira ya mwaka, kama ilivyo desturi ya barua za kwao. Akashukuru. Akasema kwamba baba yake aliisifu Kenya kila alipopata wa kumsikiliza. Kisha, chini kabisa ya ukurasa, ikaja sentensi ndefu kuliko zote: "Chichi wa maiasa hayaku okite, ocha o nonde, Kenia no shashin o mite, seitotachi no namae o hitori hitori yonde." Ukurasa ukaishia hapo.

Mwanafunzi akaitegua shanga moja baada ya nyingine. Baba, kila asubuhi, kuamka mapema. Kunywa chai. Kutazama picha za Kenya. Majina ya wanafunzi, mmoja mmoja, "yonde." Neno hilo lilimchelewesha, kwa kuwa sauti hiyo moja huweza kutoka kwa "yomu," kusoma, au kwa "yobu," kuita. Akaiangalia kanji, akaitafuta katika kamusi. Ilikuwa kuita. Mzee hakuwa akiyasoma majina yao kutoka kwenye orodha. Alikuwa akiyaita, kama aliyekuwa akiita mahudhurio darasani saa mbili asubuhi.

Usiku huo mwanafunzi alilala kwa furaha. Katika akili yake iliyolelewa na Kiswahili, sentensi ile ilikuwa imekwisha kusema lake. Aliitafsiri kwa "hu" ya mazoea: huamka, hunywa, hutazama, huita. Alimwona mzee na kikombe chake, mahali fulani mbali, akilitaja jina lake. Hakuona kwamba ile "hu" alikuwa ameitia yeye mwenyewe. Binti hakuwa ameandika wakati wowote. Vitenzi vyote vinne vilikuwa bado vinangojea.

Kesho yake, baada ya semina, akafungua ukurasa wa pili. Neno la kwanza lilikuwa "imashita."

"Yonde imasu" ni anaita. "Yonde imashita" ni alikuwa akiita. Tofauti ni silabi moja. Lakini silabi hiyo ilirudi nyuma ukurasa mzima, ikapita juu ya majina, picha, chai na alfajiri, ikazibadilisha zote kwa pamoja. Kilichokuwa "huamka" kikawa "alikuwa akiamka." Sentensi iliyofuata ilieleza kwamba baba alikuwa amefariki mwezi wa tatu, lakini mwanafunzi hakuihitaji. Alikuwa amekwisha kupewa habari na kitenzi kisaidizi.

Alikaa na karatasi ile kwa muda mrefu. Akafikiri kwamba kama binti angeandika kwa Kiswahili, msiba ungekuwa katika neno la kwanza. "Baba alikuwa…" na msomaji angejua, na yote yaliyofuata angeyasoma akilia. Kijapani kilimpa usiku mmoja zaidi wa kuwa na mwalimu wake. Hakuweza kuamua kama hiyo ilikuwa hisani au ukatili. Huenda haikuwa lolote kati ya hayo mawili, bali ni jinsi tu uzi wa lugha hiyo ulivyofungwa.

Jibu lilimchukua majuma matatu. Alianza hivi: "Tegami o yonde, namida ga demashita." Nilisoma barua, machozi yakanitoka. Safari hii "yonde" ilikuwa ya kusoma, na "te" yake, kama "ka" ya Kiswahili, haikuhitaji kutaja sababu. Kisha akataka kumweleza binti jinsi baba yake alivyokuwa darasani. Akaandika: "Sensei wa kibishikute, yasashikatta desu." Mwalimu alikuwa mkali na mpole.

Alipompelekea mkufunzi rasimu, mkufunzi hakuifuta sentensi hiyo. Aliweka tu alama ya kuuliza juu ya "kute." Akaeleza kwamba umbo hili hufunga sifa zinazovuta upande mmoja: nafuu na tamu, pana na angavu. Sifa zikivutana, Wajapani wengi hutumia "ga," iliyo karibu na "lakini" yetu: alikuwa mkali, lakini mpole. Basi ni lazima mwandishi aamue. Je, ukali wa mzee yule na upole wake vilikuwa pande mbili, au upande mmoja?

Mwanafunzi akarudi bwenini na swali hilo. Akakumbuka jinsi mzee alivyokataa jibu sahihi lisilo na hatua zake, na jinsi alivyolirudisha daftari mara tatu. Akakumbuka pia kwamba kila aliporudisha daftari, alibaki darasani na mwenye daftari hadi taa ya kandili ikaletwa, bila kutazama saa. Hapakuwa na siku ya ukali na siku ya upole. Kulirudisha daftari na kubaki darasani lilikuwa tendo moja. Akaiacha "kute" mahali pake, na mkufunzi alipoelezwa sababu, akaifuta alama yake ya kuuliza.

Wanaowafundisha wageni Kiswahili, wawe Nairobi, Zanzibar au katika Chuo Kikuu cha Osaka ambako lugha hii inafundishwa mbali na pwani yake, wana la kujifunza kwa mzee huyu na mwanafunzi wake. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka wa 1944 iliieleza "ka" vizuri, na zilizofuata zimeieleza pia. Lakini mgeni anaposema "niliamka na nilinawa," mwalimu asikimbilie kalamu nyekundu. Na ajiulize kwanza ni uzi gani ambao mgeni huyo ameuacha kwao, na kama kuna uzi wa Kiswahili wa kumpa badala yake. Kosa la mwanagenzi ni lugha yake ya kwanza ikichungulia dirishani. Heri kuikaribisha ndani na kuzungumza nayo.

Barua ilifungwa kwa maneno machache. "Sensei wa tōi kuni kara kite, watashitachi to issho ni waratte, sūgaku o oshiete kudasaimashita." Mwalimu alitoka nchi ya mbali, akacheka pamoja nasi, akatufundisha hisabati kwa hisani yake. Kitenzi cha mwisho kilikuwa cha wakati uliopita, kama ilivyopasa. Mwanafunzi akakitazama, kisha akaongeza sentensi moja fupi, aliyoichagua kwa ajili ya mkia wake: "Ima mo oboete imasu." Hata sasa nakumbuka.

Akahakikisha kwamba ameandika "imasu," akaikunja karatasi, akaitia bahashani.